Delmira, Elmira, Mira

Nachingwea, Jumanne, 2 Desemba 2008

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha asubuhi, kumbikumbi wakatoka kwa fujo hadi wakaingia ndani ya kompyuta ya kituo cha walimu ninapofanya kazi. Dickson, fundi wetu, alikuwa akiwatoa kwa brashi mmoja mmoja na kuwatia kwenye kikombe. Nilidhani anakwenda kuwatupa, kumbe kikaangoni! Basi huyo ndiye tuliyeletewa kutoka Masasi aje atufungulie dunia kwa intaneti. Mwaka wa pili huu, alichotufungulia ni matokeo ya mpira.

Lakini sikufungua daftari kwa ajili ya Dickson. Swalehe kapiga simu.

Tangu mwezi wa sita hatujasikia sauti yake. Mdogo wangu huyu nimembeba mgongoni, mama akishinda shambani Mkotokuyana na baba yetu Yunusi keshatangulia mbele ya haki. Alipokua akaenda Mtwara kuwa kuli bandarini, akapanda meli ya korosho mpaka India, na huko akaingia meli nyingine. Leo simu imeita, namba ndefu ya ajabu, upepo mtupu ndani yake.

"Dada, shika kalamu, sina muda. Meli niliyomo inaitwa Delmira Star. Jana wamenining'iniza kwa kamba nyuma ya meli, nina kopo la rangi, nikaambiwa nifute ile D. Sasa inaitwa Elmira Star."

"Kwa nini mnafuta?"

"Ukiuliza hupewi chakula. Kapteni kashika paspoti zetu zote. Chini ya jina kuna namba, imechomelewa kwenye chuma, hiyo haifunikiki kwa rangi. Iandike." Akanisomea tarakimu saba polepole, akarudia. "Likitokea jambo itafute namba, jina liache. Na mama usimwambie."

Ikakatika. Mama alikuwa mlangoni anachambua uyoga.

"Swalehe huyo?"

"Ndiye. Anakusalimu."

"Anakula?"

"Anakula, mama."

Akaendelea na uyoga wake. Mimi nikaenda kuandika namba kwenye jalada la ndani la daftari hili, kwa kalamu ya wino mzito.


Ijumaa, 5 Desemba

Nimemeza kiburi nikamuuliza Dickson kama kuna njia ya mtu kuijua meli ilipo akiwa Nachingwea. Nilitegemea acheke. Akavuta kiti.

"Ipo, dada, tena bure." Akanieleza kuwa kila meli kubwa ina mtambo unaotangaza jina lake, namba yake na mahali ilipo, kila baada ya dakika chache. Watu wenye antena zao ufukweni wanayadaka matangazo hayo na kuyaweka kwenye tovuti moja, mtu yeyote aone. Ikiwa mbali sana na nchi kavu haidakwi. Na kapteni mwenye yake ya kuficha anaweza kuuzima mtambo.

Dishi letu la intaneti likashika mtandao saa saba na nusu. Ramani ilichukua dakika kumi na moja kufunguka. Dickson akaingiza namba, na ikatokea pembetatu ndogo ya kijani karibu na pwani ya Omani. Elmira Star. Nilishika ukingo wa meza. Mdogo wangu yumo ndani ya kile kidude, na mimi niko hapa nanusa moshi wa jenereta.


Jumatano, 10 Desemba

Idi imepita salama. Mama kanituma nipeleke nyama kwa majirani wote, pamoja na yule asiyetusalimia.

Nimemweleza Dickson kitu akacheka mpaka akatoa machozi. Nimemwambia meli hii imepelekwa jando. Kwetu Wamwera mtoto anaingia jandoni na jina la utotoni, anatoka na jina jipya, na lile la zamani linazikwa hukohuko. Ukimwita mtu mzima kwa jina lake la kabla ya jando umemtukana, hasa ukiwa dada yake. Hata Swalehe hakuzaliwa Swalehe. Jina lake la kwanza nalijua, nimembembelezea kwalo miaka tisa, ila tangu alipotoka jandoni sijalitamka, mama hajalitamka, na hapa pia siliandiki.

"Sasa hii meli, dada, kungwi wake nani?" akauliza Dickson.

"Kapteni mwizi," nikasema.


Alhamisi, 18 Desemba

Ipo palepale.


Ijumaa, 19 Desemba

Ipo palepale. Mvua.


Jumatatu, 22 Desemba

Haionekani. Dickson kaenda kwao Krismasi. Kaniachia maelekezo kwenye karatasi, kachora hadi kitufe cha kuwashia, utadhani anamwandikia bibi yake.


Jumatatu, 29 Desemba

Leo nimeijua hofu yenyewe.

Dickson karudi, na bila kuombwa alikuwa ametafuta kitu huko Masasi. Ni ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, imewekwa wazi kwenye intaneti, kurasa sitini na moja. Tuliifungua tangu saa tatu asubuhi, ikaisha saa nane. Nyuma kabisa kuna orodha ya meli zilizowekewa vikwazo kwa kupeleka silaha kwenye nchi zilizokatazwa kupelekewa. Jina la Elmira halimo, hata Delmira halimo. Kuna jina lingine kabisa, la zamani, la miaka ya tisini. Lakini namba pembeni yake ni ileile ya jalada la daftari langu.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, ila nina kamusi na nina macho. Kila bandari imekatazwa kuipokea. Haiwezi kutengenezwa wala kupewa mafuta, na bima haina. Inaishi kwa kupakia na kupakua baharini, ubavu kwa ubavu na meli nyingine, mtambo umezimwa. Mabaharia wake hawatajwi popote.

"Dada, hawa wakipata shida hakuna wa kuwafungulia mlango," Dickson akasema.

Nikamfokea anyamaze. Kisha nikamwomba radhi, jambo ambalo sikumbuki mara ya mwisho kulifanya pale kazini.

Jioni mama kauliza, "Swalehe anakula?" Nikasema anakula.


Jumatatu, 5 Januari 2009

Haionekani.


Jumanne, 6 Januari

Haionekani. Viatu vyangu vya kazini vimeota ukungu mweupe ndani ya siku mbili.


Alhamisi, 8 Januari

Umeme hakuna, dizeli ya jenereta imekwama na lori kwenye tope. Sijui kama inaonekana.


Jumatano, 14 Januari

Imeonekana! Pwani ya Yemeni. Tovuti huandika pia meli imezama mita ngapi majini, ndipo unajua kama imebeba au ni tupu. Mwezi uliopita ilizama mita saba, leo ni nne na kidogo. Mzigo umeshuka, na bandarini haikuingia popote. Nimeandika yote kwa tarehe, safu kwa safu. Mkuu wa kituo akapita akauliza ni takwimu za shule gani. Nikamwambia ni za Mandawa. Mungu anisamehe.


Jumanne, 20 Januari

Swalehe kapiga. Sekunde hamsini, nilizihesabu kwenye simu baadaye.

"Dada, tumechoka. Maji tunayokunywa yana kutu. Meli inavuja, tunashinda chini tumboni mwake tukichota. Kuna shirika linasaidia mabaharia, mwenzangu mmoja kanipa anwani ya imeili." Akanitajia herufi moja moja. "Wana uwezo wa kumshusha mtu kama ndugu zake wamelalamika kwa maandishi. Wape jina langu, wataniita."

"Nitawapa leo hii! Swalehe, unaumwa?"

"Nakohoa tu. Wape jina langu, dada."


Jumatano, 21 Januari

Nimeandika barua hiyo mara nne. Ya mwisho Dickson kanisaidia Kiingereza, na huyu kijana anakijua kuliko nilivyodhani, amesoma kwa kuungaunga akitengeneza redio za watu. Nimeweka namba ya meli, tarehe zote, kina chake majini, kila kitu. Jina la baharia: Swalehe Yunusi, Mtanzania, miaka ishirini na saba.


Jumanne, 3 Februari

Wamejibu! Wamesema taarifa zangu ni kamili kuliko za baadhi ya serikali. (Dickson kaisoma sentensi hiyo kwa sauti mara tatu, mkuu wa kituo akiwepo.) Meli ikitia nanga tena kusubiri maji na chakula, watapanda na afisa wa bandari. Sharti la afisa ni moja, jina la baharia anayeombewa lilingane na orodha ya mabaharia aliyonayo kapteni.

Mahindi yetu ya uani yamefika magotini. Mama anaimba.


Jumatatu, 9 Februari

Haionekani.


Alhamisi, 12 Februari

Haionekani. Mvua siku ya tano mfululizo. Ukuta wa choo umelala chini.


Jumanne, 17 Februari

Alhamdulillahi, alhamdulillahi!

Imeili imeingia saa nne. Walipanda melini Jumamosi. Hawakuruhusiwa kukaa zaidi ya robo saa, na mabaharia wengi walikuwa chini wanachota maji, hawakuletwa juu. Kapteni alitoa orodha ya watu kumi na watatu. Wameandika: hakuna mtu anayeitwa Swalehe Yunusi katika meli hii. Wamewashusha mabaharia wawili ambao majina yao yaliletwa na familia zao. Wanatutakia heri.

Hayumo! Kashuka! Nilipiga kelele wakaja walimu kutoka chumba cha pili. Kwa akili yangu, baada ya ile simu ya Januari kapata upenyo, kahamia meli nyingine, na bado hajapata simu ya kutuambia. Swalehe tangu utoto ni mwepesi wa kupenya.

Dickson hakufurahi. Alikuwa anaisoma tena na tena.

"Dada Kulthumu, waulize kitu kimoja. Waulize kama kwenye ile orodha kuna Mtanzania yeyote."

"Wa nini? Wameshasema hayumo."

"Mistari miwili tu. Niandike mimi?"

"Dickson, wewe una roho gani? Mtu kapata faraja siku moja baada ya miezi mitatu, unamtafutia mkosi! Toka hapo kwenye kompyuta."

Akatoka. Nyumbani nimemweleza mama yote niliyomficha, maana sasa yamekwisha. Akasikiliza, akaenda kuchukua ming'oko iliyobaki, vile viazi vyetu vya porini, akaichemsha yote, tukala hadi tukashindwa kuinuka.


Jumatano, 25 Februari

Sikuangalia meli wiki nzima. Ya nini?


Jumatatu, 2 Machi

Nimeangalia, basi tu, mazoea. Ile namba imeonekana Omani. Jina limeandikwa Mira. Wamefuta herufi mbili nyingine, na Star nayo. Sijui nani amening'inizwa kwa kamba safari hii.

Swalehe hajapiga.


Ijumaa, 6 Machi

Hajapiga.


Chinongwe, Jumanne, 10 Machi

Naandika nikiwa nyumbani kwa mjomba Bashiri.

Baada ya Maulidi mama aliniagiza nije huku nimpelekee kaka yake habari njema za Swalehe. Mjomba huyu sijawahi kumpenda sana. Namwona mtu wa pombe na wa maneno mengi, na baada ya baba kufa alimchukua Swalehe kuja kumlea Chinongwe, mimi nikiwa bweni, nikahisi kaninyang'anya. Kwetu mtoto ni wa mjomba, sikuwa na la kusema.

Lori lilitushusha njiani, tope limemeza magurudumu, nikatembea saa mbili kandambili mkononi. Nilimkuta shambani juu ya dungu la kulindia, anapiga debe kufukuza nyani kwenye mahindi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Kulu! Panda, panda, ngazi hiyo ya tatu imeoza, iruke."

Nikapanda, nikamweleza. Alisikiliza akitazama mahindi. Nilipofika pale pa orodha kutokuwa na jina la Swalehe, aliacha kupiga debe.

"Wewe uliwapa jina gani?"

"Lake. Swalehe Yunusi."

Nyani wakaingia mahindini, hakuwatazama.

"Kulu, mtoto yule shuleni nilimpeleka mimi. Mwalimu akaniuliza mtoto anaitwa nani. Nikamtajia alilokuwa nalo siku ile. Jando lilikuwa bado, limekuja yeye akiwa darasa la tatu. Akauliza la baba, nikasema andika langu, mtoto wa dada yangu ni wangu."

"Lakini alipotoka jandoni..."

"Alipotoka jandoni sisi tukamwita Swalehe, na walimu wakamwita Swalehe, na wenzake wote. Daftari la shule nani akalibadilishe? Cheti cha la saba kimetoka na lilelile. Na ndicho alichoombea paspoti, alikuja kukichukua hapahapa, akaniachia nakala kivuli."

Tukashuka. Kwenye sanduku lake la bati, chini ya shuka na karatasi za mbolea, akatoa nakala. Hakutaka kuisoma kwa mdomo mbele yangu, kwa heshima. Alinipa akageuka kutazama ukuta.

Nimeisoma. Sasa naandika, na aliyeko baharini anisamehe, na waliomtia jandoni wanisamehe. Jumaa Bashiri. Mdogo wangu kwenye paspoti yake ni Jumaa Bashiri. Hivyo ndivyo alivyo kwenye orodha ya kapteni.

Walipanda. Walikuwa pale. Yeye alikuwa chini ya miguu yao anachota maji, na wao juu wanauliza jina ambalo kwenye meli ile hakuna anayelijua.

Nimejiuliza njia nzima kwa nini hakuniambia kwenye simu. Wape jina langu, alisema, mara mbili. Najua kwa nini. Kwa dada yake hana jina jingine. Angelitamkaje mbele yangu?

Mjomba kamwomba jirani auze mbuzi wake amkopeshe fedha, nipate pikipiki ya kunirudisha kesho alfajiri. Hakugusa pombe leo. Kakaa nje kwenye manyunyu na debe lake magotini.


Nachingwea, Jumatano, 11 Machi

Dishi limeshika saa nane. Imeili imekwenda. Dickson aliiandika mimi nikisema, na nilipofika kwenye jina ilibidi nimwandikie kwenye karatasi. Alilitazama, akanitazama, akalichapa. Ningefurahi angenisema. Mistari miwili tu aliomba.


Ijumaa, 13 Machi

Wamejibu. Baharia namba tisa: Jumaa Bashiri, Mtanzania. Walimwona kwenye orodha siku ile, wakadhani ni mwingine. Meli imeshaondoka pale. Wakiipata tena watakuwa na jina sahihi na barua tayari. Wameniomba niendelee kuitazama, kwa sababu wao wana meli nyingi na mimi nina moja.

Mama sijamwambia. Ananiuliza mbona sili.


Jumatatu, 16 Machi

Haionekani.


Jumatano, 18 Machi

Haionekani. Dickson amehamishia godoro lake stoo ya kituo ili awahi dishi linaposhika asubuhi. Kwangu alisema anakimbia nyumba inayovuja.


Jumatatu, 23 Machi

Imeonekana, saa tatu na dakika arobaini. Mira, pwani ya Omani, inaelekea kusini. Nikatazama kina chake, nikafuta kioo kwa mkono, nikatazama tena. Mita nane na nusu. Kwenye kumbukumbu za meli, zilizo wazi kwa yeyote, imeandikwa meli hii ikijazwa kabisa isizidi saba na nusu.

Dickson akasema labda kapteni kaandika makosa. Kisha akasema mwenyewe, "Au imejaa maji."

Tumewaandikia shirika papo hapo. Wamejibu papo hapo pia, kwa mara ya kwanza, kwamba wanaziomba bandari za karibu ziipokee. Bandari mbili zimekataa kwa sababu ya vikwazo. Ya tatu bado inafikiri. Tulikaa mbele ya kile kipembetatu mpaka jenereta ikazimwa. Kilikuwa kinasogea taratibu sana.


Jumanne, 24 Machi

Haionekani.


Jumatano, 25 Machi

Haionekani.


Alhamisi, 26 Machi

Haionekani. Redio imesema kuna dhoruba baharini huko kaskazini. Mama akaongeza sauti, akasikiliza hadi mwisho, akaizima. Anaamini Swalehe yuko meli nyingine, lakini anasikiliza.


Ijumaa, 3 Aprili

Haionekani. Dickson anawaandikia wenye antena mmoja mmoja, Omani, Yemeni, hadi mzee mmoja wa Shelisheli aliyeweka antena juu ya paa la banda la kuku. Wote wanajibu kwa upole. Nilikuwa namwona mvivu kijana huyu, namwandika humu kama kichekesho. Ningekuwa na mdogo mwingine ningependa awe yeye.


Jumatatu, 6 Aprili

Haionekani.


Alhamisi, 9 Aprili

Haionekani. Mvua zimepungua. Asubuhi kulikuwa na jua hadi saa sita, watu wakaanika kila kitu.


Jumanne, 14 Aprili

Nilijua kabla ya kuisoma imeili. Dickson alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo, na yeye hasimamagi.

Meli ya mizigo iliwaokota watu wawili kwenye boya, mmoja Mhindi, mwingine wa Bangladeshi, ikafika nao bandarini juzi tu. Wamesema Mira ilijaa maji, pampu zikafa, wakaomba msaada redioni siku mbili kwa jina hilo jipya, na kila aliyeitafuta Mira kwenye vitabu vyake hakuikuta. Ililala ubavu usiku wa kuamkia tarehe ishirini na tano Machi. Shirika wametuma orodha ya wasiopatikana, watu tisa, ili familia zithibitishe.

Wa nne kwenye orodha ni Jumaa Bashiri.

Nilimwambia Dickson achape. Akachapa. Mashine ile inavuta karatasi mbili mbili, ikabidi airudie, na muda wote ule nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto, mkuu wa kituo amesimama na kofia mkononi hajui aende wapi. Ni mimi niliyeandika lile jina. Hakuna mwingine. Kapteni ni mwizi, bandari zilifunga milango, yote sawa, lakini watu walipanda melini na barua, na barua niliiandika mimi.


Alhamisi, 16 Aprili

Siku mbili niliikunja karatasi ile kwenye daftari hili. Leo mchana mjomba Bashiri amekuja kutoka Chinongwe kwa miguu na lifti za baiskeli, kavaa kanzu. Hakuambiwa na mtu. Alisema tu kwamba aliona nimekawia kumletea habari.

Mama alikuwa uani, kwenye mkeka, anapukuchua mahindi mapya. Alimwona kaka yake na kanzu yake, akaniona mimi mlangoni na karatasi. Kusoma hajui. Akaweka gunzi chini.

"Hiyo ni ya meli?"

"Ndiyo, mama."

"Ni majina ya waliokufa?"

"Ni ya wasiopatikana."

"Swalehe yumo?"

Nilitazama karatasi, kana kwamba sikuijua kwa moyo. Nikasema ukweli.

"Swalehe hayumo, mama."

Mjomba aligeuka akatazama ukuta, kama siku ile. Mama hakushukuru. Alipangusa mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa msichana na yeye akimwita mtoto aje kula, akaniuliza.

"Na Jumaa?"

Nikaenda nikakaa naye mkekani.